Chupa ina stempu, muuzaji hana leseni

Kila chupa ya bia na kila kichupa cha jini kinachouzwa kihalali nchini Uganda kina stempu ndogo ya kodi. Tangu Novemba 2019, Mamlaka ya Mapato, URA, inaweza kuisoma stempu hiyo ikajua kinywaji kimetoka kiwanda gani na kama kodi yake imelipwa. Haikuwa kazi rahisi. Viwanda vililalamikia gharama, wafanyabiashara wakanung'unika, bidhaa zisizo na stempu zikakamatwa. Lakini serikali ilipoamua kuifuata shilingi yake mpaka kwenye rafu ya duka la mwisho, iliifuata.

Sasa teremka Kasubi, jijini Kampala, chini ya kilima walikozikwa Kabaka wanne wa Buganda, upite vichochoro vya kati ya Barabara ya Hoima na Kawaala saa kumi na moja jioni, shule zinapotoka. Duka ni la kawaida: nondo mbele, tundu la kupitishia pesa, mizani ya sukari, mikate, sabuni iliyokatwa vipande. Nyuma ya muuzaji, chini ya betri na viberiti, vimepangwa vichupa vya plastiki vya pombe kali, vile vya mililita 200 vinavyoingia mfukoni mwa suruali ya shule bila kuonekana. Stempu ipo na kodi imelipwa. Anayepenyeza noti kwenye tundu ana miaka 14, sweta la shule kalifunga kiunoni, na wenzake watatu waliochangishana pesa wanamsubiri kando ya bodaboda iliyoegeshwa. Anapewa chenji, anatia kichupa kwenye begi katikati ya madaftari, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Gazeti hili linapiga mbiu kwa sababu jambo hili limeacha kushtua. Wapita njia hawageuzi shingo. Mwalimu anajua ni darasa lipi linanuka Jumatatu asubuhi, mwenyekiti wa mtaa, LC1, anajua ni duka gani, mama wa mtoto anajua na analia chumbani. Na dola, yenye uwezo wa kuitambua chupa moja kati ya mamilioni, haijajipa uwezo wa kumtambua aliyeiuza.

Si kwamba sheria haipo. Umri wa kuuziwa pombe Uganda ni miaka 18, na sheria ya leseni za pombe ni ya mwaka 1960, miaka miwili kabla ya uhuru. Ni sheria ya mji mwingine. Walioiandika walimfikiria mwenye baa, mwenye hoteli na klabu ya mabwana wakubwa: mtu mwenye mlango, kaunta na jina lililoandikwa ukutani. Hawakumfikiria mwenye duka anayeuza jini pamoja na chumvi na daftari. Sheria ya enguli, pombe kali ya kienyeji, iliyokuja katikati ya miaka ya sitini nayo ilikuwa na shughuli yake. Ilitaka wapikaji wawe na leseni na wauze enguli yao kwa kiwanda kikaisafishe, na huko ndiko ilikotokea Uganda Waragi. Ilikuwa sheria ya mtambo. Nani anakunywa mwishoni halikuwa swali lake.

Linganisha na kubeti. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 imeweka umri wa miaka 25. Kwa hiyo kijana wa Kasubi wa miaka 24 ni mtoto anapofika mlangoni pa nyumba ya kubeti, ilhali mdogo wake wa miaka 14 anageuka mtu mzima akivuka barabara kwenda dukani. Hatusemi kwamba nyumba za kubeti zinaitii sheria hiyo kwa ukamilifu. Kila mwenye macho anajua. Lakini angalau zina bango, zina mlinzi, na mwenye nyumba anajua leseni yake inaweza kwenda.

Ukubwa wa tatizo haujafichika. Mwaka 2014 watafiti waliwahoji vijana zaidi ya elfu moja wa miaka 12 hadi 18 katika makazi duni ya Kampala, kupitia vituo vya shirika la UYDEL, wakakuta takriban watatu kati ya kila kumi walikuwa wamekunywa pombe ndani ya mwaka mmoja uliopita. Huko Mbale, watafiti wengine wameandika juu ya watoto wa chini ya miaka 14 ambao tayari pombe imewashika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 Uganda ilikunywa lita 9.5 za alkoholi halisi kwa kila mtu, miongoni mwa viwango vya juu barani Afrika. Na hesabu hiyo, kwa desturi ya shirika lenyewe, huanzia miaka 15. Yaani yule wa sweta kiunoni hayumo hata kwenye wastani.

Je, nchi hii imewahi kufanikiwa? Imefanikiwa, mara moja, na inafaa tukae hapo kidogo.

Wasomaji wa umri wa kati wanazikumbuka sacheti, zile pakiti za waragi zilizong'atwa pembeni kwa meno na kunyonywa njiani. Tanzania iliziita viroba na ikazipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda ilisitasita, ikaahirisha, hatimaye mwaka 2019 ikafuata: pombe kali isiuzwe kwenye sacheti, wala kwenye chombo cha chini ya mililita 200. Wengi walicheka. Walisema hii ni Kampala, zitauzwa chini ya meza. Lakini baada ya miezi michache sacheti zilikuwa zimepotea kwenye rafu nyingi za mji huu, na watafiti waliozunguka madukani walithibitisha hivyo. Sababu yake ni nyepesi. Marufuku ilifungia mashine. Kiwanda kilipoacha kujaza sacheti, duka la Kasubi halikuwa na cha kuuza, na hakuna askari aliyehitajika kusimama mbele ya kila tundu la nondo kutoka Namungoona mpaka Nakulabye.

Kisha kilichokuwa kwenye sacheti kikarudi kwenye kichupa cha plastiki. Bei ilipanda kiasi, watoto wakajifunza kuchangishana, na hapo ndipo tulipo.

Mfano wa kinyume tunao pia. Machi 2020, kwa ajili ya korona, baa zilifungwa nchi nzima, zikafunguliwa tena tarehe 24 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Safari hii hakuna aliyegusa kiwanda wala depo. Waliofuatwa ni wanywaji, kwa pikapu za polisi na virungu. Baa zikahamia madukani, sebuleni, nyuma ya mapazia. Mwenye baa aliyefunga mlango wa mbele akauzia kwa dirisha la jikoni. Na kwa sehemu kubwa ya muda huo shule nazo zilikuwa zimefungwa, watoto wako nyumbani, wanaona kila kitu, wengine wakitumwa kupeleka na kupokea. Mtoto aliyekuwa na miaka minane au tisa lango la shule lilipofungwa ndiye aliyeingia ujana wake akijua tayari kwamba pombe hununuliwa pale pale panaponunuliwa mafuta ya kupikia. Ujuzi huo tulimpa sisi.

Ukiyaweka matukio hayo mawili pamoja, unashangaa kwa nini kila mjadala wetu wa pombe huishia kwenye saa za kufungua baa. Mwishoni mwa 2023 Mheshimiwa Sarah Opendi, mwakilishi wa wanawake wa Tororo aliyewahi kuwa waziri wa nchi wa afya, alipeleka bungeni mswada wa kudhibiti pombe. Kabla yake Betty Nambooze wa Mukono naye alikuwa amejaribu. Nchi nzima ikasoma kifungu kimoja tu: pombe iuzwe kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku siku za kazi, na kuanzia saa sita mchana mpaka saa sita usiku mwisho wa wiki. Wachekeshaji wakapata kazi. Wenye baa wakaja juu. Viwanda vikatukumbusha wakulima wa mtama na shayiri. Bunge likautupa mswada, na yaliyomfaa mtoto yakatupwa nao.

Tuseme kweli: kifungu hicho kilistahili kupingwa. Mtu mzima aliyemaliza zamu ya usiku akitaka bia yake saa nne asubuhi, hilo si janga la taifa. Na saa kumi na moja jioni, wakati sheria ingeruhusu duka lianze kuuza, ndiyo saa ileile mwanafunzi anapita akitoka shule.

Sasa kuna wanaoweka tumaini kwenye kitambulisho: mnunuzi aonyeshe umri wake, basi. Tunaunga mkono, lakini wanaopendekeza wajue wanachokishika. Endagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, hutolewa kwa raia kuanzia miaka 16. Kuwa na kadi, kwa hiyo, hakumaanishi umefika 18. Lazima muuzaji asome tarehe ya kuzaliwa na apige hesabu, usiku, kwa mwanga wa simu, foleni ikimsukuma. Wapo wa miaka 20 wasio na kadi, na wapo wakimbizi kutoka Kongo na Sudan Kusini ambao karatasi zao muuzaji hajawahi kuziona. Halafu tuko Kampala, mji wenye Nasser Road, ambako hati ya karibu kila aina huchapwa ukisubiri. Kuna pia hoja nzito kwamba kitambulisho cha taifa kimeshawafungia watu wengi milango ya huduma. Hiyo ni kweli kwa hospitali na kwa posho ya wazee, na ni aibu. Kwa kichupa cha jini, mtu mzima akikosa leo kwa sababu kadi kaiacha nyumbani, hajaonewa.

Faida kubwa ya kitambulisho kwa mtaa kama Kasubi iko mahali ambapo wataalamu hawapatazami. Muuzaji wa Kasubi hahitaji kadi kumjua mtoto. Alimwona akibebwa mgongoni. Anajua yuko darasa la ngapi na anadaiwa ada kiasi gani. Anachokosa ni namna ya kukataa bila kugombana na mtaa. Akimwambia kijana "wewe bado mdogo," atatukanwa, na kesho kundi zima litahamia duka la pili. Akisema "ssebo, lete kitambulisho, watanifungia duka," lawama imekwenda kwa serikali, na serikali ina mabega mapana. Waingereza wanafanya kitu cha namna hiyo: maduka yao mengi humtaka kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika miaka 25, ingawa sheria inasema 18, ili muuzaji asilazimike kubahatisha. Tena wakaguzi wao huwatuma vijana wa chini ya 18, kwa usimamizi, wakajaribu kununua. Duka likiuza na kurudia, linaweza kufungiwa. Muuzaji hajui ni mteja yupi aliyetumwa, kwa hiyo anawaogopa wote.

Lakini kuna jambo ambalo Uingereza haitatusaidia, nalo ni kutumwa. Jioni, baba kakaa barazani, anamwita mtoto wa miaka tisa: nenda kaniletee mbili, zile za baridi, na hizi chupa tupu rudisha. Mtoto anakwenda mbio, kwa sababu mtoto wa Kiafrika aliyelelewa vizuri hutumwa na hutumika. Muuzaji anajua bia ni za nani. Akikataa, amemkosea mzee heshima na amempoteza mteja. Ndivyo mtoto anavyojifunza njia, bei, na jina la kinywaji, miaka mitano kabla ya kuonja. Sheria lazima iseme kwa neno lisilo na mlango wa nyuma kwamba pombe haikabidhiwi mikononi mwa mtoto, awe ametumwa na nani. Hatutaki baba afungwe. Tunataka ainuke kitini aende mwenyewe.

Yote haya hayatashika kama muuzaji hana cha kupoteza. Mwenye duka wa Kasubi ana leseni ya kawaida ya biashara, akiwa nayo, na pombe anaiuza chini ya mwavuli huo kama anavyouza kiberiti. Apewe leseni ya pombe iliyo peke yake, yenye namba, ibandikwe mahali mteja anaiona. Iwe ya bei ndogo, kwa sababu wengi wa wenye maduka haya ni wanawake wanaosomesha watoto kwa faida ya mikate, na leseni ghali itawarudisha kwenye kuhonga. Iwe rahisi kuipata na rahisi zaidi kuipoteza.

Kisha, na hapa ndipo tunapowataka Wizara ya Biashara na Mamlaka ya Jiji, KCCA, wasikilize, depo isiuze kreti wala katoni kwa duka lisilo na namba hiyo. Mtambo wa kulisimamia hilo umeshajengwa. Tangu 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT wanatoa ankara za kielektroniki kupitia mfumo wa EFRIS, na ankara hizo zinafika URA. Kinachotakiwa ni kisanduku kimoja zaidi: namba ya leseni ya mnunuzi. Duka likifungiwa kwa kuuzia watoto, namba inazimwa, na depo haina tena cha kuandika. Ni funzo lilelile la sacheti. Wasambazaji wachache wanabanwa badala ya kukimbizana na maduka maelfu, na mkaguzi anayetaka kupokea kitu kidogo anakuta ana cha kuuza kidogo mno.

Kampuni za bia zitasema haziwezi kumjua kila mwenye duka. Zinamjua. Zimempaka ukuta rangi, zimemletea friji lenye nembo, zimemwahidi mwavuli akifikisha kreti kadhaa kwa mwezi. Maigizo ya kuwaonya wanafunzi zinazofadhili mashuleni ni mazuri na yaendelee. Ila mtoto akitoka kwenye maigizo hayo, friji la nembo ileile liko mkabala na lango.

Kuna wanaopendekeza tuige Kenya, ambayo sheria yake ya 2010, ile iliyozoeleka kwa jina la Mututho, inakataza baa ndani ya mita 300 kutoka shule. Kwa mji uliopangwa, sawa. Kasubi shule za chekechea ziko ghorofani juu ya maduka. Ukichora duara la mita 300 kuzunguka kila moja, utakuwa umefunga mtaa mzima, na sheria inayomfunga kila mtu huishia kutomfunga yeyote. Mwaka 2025 Kenya ilikwenda mbali zaidi ikapendekeza umri uwe 21. Kubadilisha tarakimu ni rahisi. Sisi 18 yenyewe hatujawahi kuijaribu.

Malwa, tonto na waragi ya kienyeji hazina stempu, hazipiti depo, na mpango huu hautazifikia. Tunalikubali hilo. Tunajua pia kwamba ukibana kinywaji cha kiwandani kwa pupa unawasukuma watu kwenye sumu. Mwaka 2010 waragi iliyochanganywa na methanoli iliua watu wapatao 80 huko Kabale na jirani zake. Lakini mwanafunzi wa Kasubi hakai kwenye duara la malwa na mrija mrefu, kati ya wazee wanaomjua babu yake. Ananunua kichupa chenye lebo, kwa sababu kinafichika.

Wala tusingojee mswada wa tatu bungeni ndipo tuanze. KCCA ibandike langoni mwa soko la Kasubi, na kwenye kila ofisi ya LC1 ya Lubaga, orodha ya wote wenye idhini ya kuuza pombe katika eneo hilo: jina la duka, mahali lilipo, basi. Ifanyike kabla shule hazijafungwa Desemba, wakati ambapo vijana wa kidato cha nne na cha sita wanamaliza mitihani na sherehe zinaanza. Wakazi wataisoma. Watahesabu majina yaliyoandikwa, halafu watahesabu maduka yanayouza jini kwenye kichochoro chao, na Jumatatu inayofuata mwenyekiti atakuwa na foleni ya wazazi wenye swali moja mlangoni pake.